Mto Hauna Chama: Ardhi Iliyochakaa na Afya ya Wananchi wa Nairobi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini wa makanisa ya mashariki mwa Nairobi. Tunaichapisha kama ilivyotolewa.)

 

Tumeombwa tuseme juu ya afya ya wakazi wa jiji hili. Yawezekana wengi wenu mlimtarajia daktari, naye angalikuja angaliwaeleza habari za vijidudu na dawa vizuri kutushinda. Sisi si madaktari. Sisi ni kamati ya haki na amani ya makanisa matatu yaliyo kando ya mto mmoja. Kazi yetu hutufikisha mahali ambapo daktari hafiki, yaani makaburini. Tumesimama mara nyingi mno kando ya makaburi mafupi, tukiwazika watoto waliokufa kwa kuhara, maradhi ambayo huduma yake ya kwanza ni maji safi, chumvi kidogo na sukari. Mtoto anapokufa katika mji mkuu wa nchi huru kwa kukosa maji safi, hatuwezi kurudi nyumbani tukasema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Tumekataa kumsingizia Mungu.

Neno tulilokuja nalo ni hili. Maradhi yanayotusumbua huanzia katika ardhi iliyougua, na ardhi yenyewe imeugua kwa sababu ya utawala ulioiuza, ukaichafua, kisha ukaitelekeza. Anayetaka kuutibu mwili wa mwananchi bila kuigusa ardhi anayoikanyaga, na kuigusa ardhi bila kuugusa utawala, huyo anapaka rangi ukuta wenye ufa.

MJI ULIOPANDWA KINAMASINI

Ni vyema tuanze na historia, maana asiyejua alikotoka hawezi kujua alipopotelea. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Hapa palikuwa mahali pa malisho na vinamasi. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika mwaka wa 1899, wajenzi wake walipiga kambi kwa sababu uwanda ulikuwa tambarare na uliwafaa kwa maghala na karakana kabla ya kuukabili mteremko wa Bonde la Ufa. Hakuna aliyeuchagua uwe makao ya mamilioni ya watu. Tauni ilizuka mapema, na mwaka wa 1902 soko la Wahindi likateketezwa kwa moto ili kuizuia. Madaktari wa serikali ya kikoloni walipendekeza mji uhamishiwe mahali palipoinuka, kwa kuwa uwanda huu haukupitisha maji vizuri. Haukuhamishwa.

Badala ya kuuhamisha mji, wakubwa walijihamisha wao wenyewe. Walijitwalia vilima vya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Tunawaomba mzingatie udongo huu, kwa sababu ndio mnaoukanyaga kila siku. Wakati wa mvua hufura, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Kufura huko na kupasuka huko huvunja mabomba na misingi ya nyumba. Maji hayazami ndani yake upesi, bali hutuama. Choo cha shimo kilichochimbwa humo hujaa mvua za kwanza zinyeshapo. Kwa hivyo ubaguzi haukuwa katika vitabu vya sheria tu, uliandikwa pia katika udongo. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 tulibadilisha bendera na majina ya barabara, lakini ramani ya udongo tuliiacha vile vile. Mpaka uliokuwa wa rangi ya ngozi ukawa mpaka wa uzito wa mfuko.

Wakati wa uhuru Nairobi haikuwa imefikisha watu nusu milioni. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 4,397,073. Watu hao hawakuja kwa kosa. Walikuja kutafuta kazi, na jiji liliwahitaji liwajengee wengine, lifuliwe nguo, lilindwe usiku, libebewe mizigo. Liliwahitaji mchana na kuwakana jioni. Halikuwatengea ardhi ya kulala, nao wakalala pale palipobaki: ukingoni mwa mto, chini ya nyaya za stima, kando ya reli na karibu na jaa la taka.

MAJI YANAVYOUGUA

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Mto Motoine hutoka upande wa msitu wa Ngong na kuingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa katika miaka ya 1950 wakati maji yake yangali yakitegemewa, na ambalo baadaye lilizibwa na tope, taka na magugu-maji. Mto wa Mathare nao huteremka kupitia makazi yanayoitwa kwa jina lake. Maji haya yote hukutana mashariki mwa jiji na kuingia katika mto Athi, ambao huko chini huitwa Galana, na mwisho Sabaki, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi. Basi yule anayemwaga ndoo ya uchafu hapa asidhani imetoweka. Ameituma Ukambani, ambako mama atachota, na ameituma Pwani, ambako mvuvi atatega wavu. Mto hauna chama wala kabila. Hubeba kila alichopewa na kila mtu, na humfikishia kila mtu sehemu yake.

Wengi hudhani kwamba maji ya bomba yakiwa yametibiwa kwenye kiwanda, basi ni salama hadi mdomoni. Lakini tazameni jinsi yanavyotufikia. Katika vijiji vyetu mabomba ni membamba, ya plastiki, na mengi yamelazwa ndani ya mitaro ile ile ya majitaka. Maji hayaji kila siku, huja kwa zamu. Yanapokuwa yakipita kwa nguvu, husukuma nje, na uchafu hauwezi kuingia. Yanapokatwa, bomba hubaki tupu na kuanza kufyonza, na kupitia kila ufa huvuta yale majitaka yaliyolizunguka. Siku maji yanaporudi, mama aliyepanga foleni tangu alfajiri hupokea kwanza katika mtungi wake uchafu ulioingia siku ambazo bomba lilikuwa kavu. Mgao wa maji, kwa hiyo, haumnyimi mtu maji tu, bali pia humtilia sumu katika yale machache anayopata. Na maji hayo hayo huyanunua kwa mtungi, kwa bei inayomshinda jirani yake mwenye mfereji ndani ya nyumba. Maskini wa jiji hili hutozwa zaidi kwa sababu ya umaskini wake.

Yaongezeni hayo na vyoo. Panapokuwa na choo kimoja kwa familia nyingi, tena cha kulipia, na njia ya kukiendea ni ya hatari usiku, mwanamke hufanya nini? Sote tunajua habari za mifuko inayorushwa gizani, na hatuoni sababu ya kuzitaja kwa mzaha. Mashimo yakijaa, vijana hulipwa kuyachota kwa ndoo usiku na kuyamwaga mtoni, kwa kuwa lori la kunyonya haliwezi kupita vichochoroni. Ndiyo maana kipindupindu kimetujia tena na tena, mwaka wa 2015, mwaka wa 2017, na tena mwishoni mwa 2022 hadi 2023. Mwaka wa 2017 kiliwafikia hata watu waliokula katika mikutano ya hoteli za kifahari, na ghafla kila mkubwa akazungumza habari za kunawa mikono. Tulijifunza hapo kwamba vijidudu havisimamishwi na askari wa langoni.

MOSHI WA DANDORA

Jaa la Dandora lilifunguliwa katika miaka ya 1970 kwenye shimo la machimbo ya mawe. Mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Tafadhalini ushikeni mwaka huo, kwa maana taka ziliendelea kumwagwa hapo miaka mingi baadaye, mlima ukazidi kupanda hadi ukauelemea mto ulio chini yake.

Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilitoa ripoti juu ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuvuka kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Hatusemi risasi ya bunduki. Twasema madini ya risasi, yaliyomo katika betri, rangi za zamani na vyombo vya umeme vilivyotupwa. Vitu hivi vikichomwa, risasi hupanda na moshi na kushuka na majivu. Haiozi wala haipotei, bali hukaa katika udongo wa juu miaka na miaka. Mtoto hucheza katika udongo huo, hutia vidole mdomoni, na tumbo lake hufyonza risasi nyingi kuliko tumbo la mtu mzima. Ikishaingia huuharibu ubongo ungali ukijengwa. Mwalimu atasema mtoto huyu ni mzito wa kuelewa. Mzazi atamchapa kwa uvivu. Kumbe mtoto ameibiwa akili yake na udongo wa nyumbani kwao, na mwizi hakuonekana. Wataalamu wamekwisha kutuambia kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Wananchi walikwenda mahakamani, na mnamo Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Nairobi iliagiza hatua zichukuliwe ili jaa hilo lifungwe na kuhamishwa katika muda wa miezi 6. Miezi hiyo sita ilikwisha, na malori yakaendelea kupanda mlima. Ndugu zetu, tukifundishwa kwamba amri ya mahakama ni ya kuwafunga walala hoi tu, tumefundishwa kuidharau sheria, na aliyetufundisha ni serikali yenyewe.

Tusisahau pia wale wanaookoteza riziki katika jaa hilo. Ni waumini wetu hao. Kulifunga jaa bila kuwatafutia kazi nyingine ya halali, kama vile kuchambua taka mahali safi kabla hazijachanganyika, kutakuwa ni kuwaponya mapafu na kuwaua kwa njaa. Mageuzi yasiyomkumbuka mtu wa chini kabisa si mageuzi.

NI NANI ALIYEUZA UKINGO?

Baadhi yenu mlikuwapo katika miaka ile ya mapambano, na wengine mmesimuliwa na wazazi wenu. Mwaka wa 1989 chama kilichotawala kilikusudia kujenga jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru, na Profesa Wangari Maathai akasimama kulipinga, akatukanwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Mnamo Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, vilibomolewa, na viongozi wa makanisa wakapaza sauti wakati sauti nyingine zilikuwa zimenyamazishwa. Julai ya mwaka huo ikawa Saba Saba. Mnamo Desemba 1991 kifungu kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kiliondolewa katika katiba. Tuliimba, tukalia kwa furaha.

Tulidhani vyama vikiwa vingi, wanyakuzi watakuwa wachache. Haikuwa hivyo. Katika muongo huo huo wa vyama vingi viwanja vya umma viligawiwa kama pipi za sikukuu, hasa uchaguzi ulipokaribia, ili kununua utiifu. Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba sehemu za msitu wa Karura zimegawiwa watu binafsi, na mnamo Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda mti kwenye lango lake. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya barabara, masoko, misitu na shule ilivyogeuzwa kuwa mali ya watu kwa hati zilizoandikwa kinyume cha sheria. Na hata baada ya katiba mpya ya 2010, mnamo Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi kwa sababu walidai uwanja wao wa kuchezea.

Hadithi ya shamba la mizabibu la Nabothi mnaijua. Mfalme alilitamani, barua zikaandikwa, muhuri ukapigwa, mashahidi wa uongo wakaletwa, na yote yakafanywa kwa utaratibu uliofanana na sheria. Unyakuzi wa ardhi haujawahi kukosa muhuri.

Mtauliza, unyakuzi una uhusiano gani na homa ya matumbo? Unao, na ni wa moja kwa moja. Kinamasi ni sifongo. Hunywa mvua na kuitoa polepole. Kikijazwa kifusi na kujengwa, sifongo hiyo imeondolewa. Mteremko wenye miti hupunguza mbio za maji. Ukisakafiwa kwa saruji, maji hushuka yote kwa pamoja. Ukingo ulioachwa wazi humpa mto nafasi ya kufura bila kumdhuru mtu. Ukijengwa ukuta, mto hubanwa, nao ukibanwa hupanda. Hivyo tajiri aliyejenga juu humsukumia maji maskini aliye chini, na maji hayo hupitia vyooni kabla ya kuingia jikoni mwake. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Kila mtu alilaumu mvua. Lakini mvua haikutia saini hati yoyote ya kiwanja.

UKUTA WETU WENYEWE

Sasa twafika mahali pagumu kwetu, na tumeombana nguvu ili tuseme bila kuficha.

Baada ya mafuriko hayo, serikali iliamuru wote wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Matingatinga yalifika kijijini kwetu mchana. Nyumba za mabati zilizobaki baada ya maji zilibomolewa zikiwa bado zina tope. Watu walikimbilia kanisa letu mojawapo, tukawafungulia milango, kina mama wakapika uji, tukajiona tumetenda mema. Tulikuwa tumeandaa hata taarifa ya kulaani ubomoaji.

Jioni ile mama mmoja, mjane, mshiriki wetu wa miaka mingi, alitusimulia aliyoyaona. Tingatinga lilipofika kwenye ukuta wa kanisa, dereva alisimama, akatazama msalaba, akasema kwamba yeye hawezi kubomoa nyumba ya Mungu. Akaukwepa ukuta, akaendelea hadi nyumba iliyofuata, ambayo ilikuwa ya mama huyu. Kisha akatuuliza kwa upole, "Na yangu ilikuwa ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Usiku huo wazee wetu walilifungua kabati la kanisa na kulitafuta faili la kiwanja. Walikuta barua ya kugawiwa ya miaka ya 1990. Kiwanja tulipewa na mwanasiasa mmoja siku ya harambee, naye akashangiliwa, na hakuna aliyeuliza alikitoa wapi. Tulipopima kwa kamba, ukuta wetu na vyoo vyetu vilikuwa karibu na maji kuliko nyumba ya yule mjane. Tena shimo la vyoo hivyo lilikuwa limepasuka upande wa mtoni, sijui tangu lini. Tumekuwa tukiombea wagonjwa wa kuhara madhabahuni, na huku nyuma ya madhabahu tukiwapelekea maradhi walio chini yetu. Nyani haoni kundule.

Tulibishana miezi kadhaa, na hatutaficha hilo. Wengine walisema tukikubali kosa tutawapa maadui wa kanisa fimbo ya kutuchapia. Wengine walisema madarasa ya chekechea yaliyo upande ule yatapotea, na watoto watasoma wapi? Haya hayakuwa maneno ya watu wabaya. Lakini mwisho mzee mmoja aliuliza ni kwa kinywa gani tutamwambia mnyakuzi arudishe, ikiwa sisi tumeketi juu ya kilicho cha mto. Tuliamua kuuvunja ukuta kwa mikono yetu. Vyoo vilihamishwa na kuunganishwa na bomba kuu la majitaka. Chumba kimoja cha chekechea tulikipoteza, na mpaka leo watoto wale husomea ndani ya kanisa, nyuma ya pazia. Ukingo tumeupanda miti. Yule mjane hakurudishiwa nyumba yake, na hatuwezi kudai kwamba haki imetimia. Tumepata tu haki ya kusema.

TUFANYE NINI?

Hatutaki mrudi nyumbani na huzuni tupu. Nchi hii ina mifano ya kututia moyo. Msitu wa Karura haukumezwa wote, na leo familia hutembea humo chini ya miti ambayo wengine waliipigania kwa damu. Kule Mombasa, wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru walitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi mwaka wa 2007. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliwaongoza. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mwaka wa 2023 wakapokonywa na Mahakama ya Rufaa, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia tuzo hiyo. Huo ni mwendo mrefu, lakini waliotembea ni watu wa kijiji. Na hapa Nairobi, Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka wa 1996 kupinga ubomoaji, ulishiriki na wakazi wa Mukuru kuchora mipango ya maji, barabara na makazi yao, baada ya serikali ya kaunti kulitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalumu mwaka wa 2017. Mwananchi akipewa kalamu ya ramani, haachi kinamasi nje.

Basi tunawaomba mambo manne.

La kwanza, kila kanisa, kila msikiti na kila chama kifungue faili lake la kiwanja mbele ya waumini. Tupime umbali wetu kutoka mtoni na barabarani. Tusimwachie dereva wa tingatinga kazi ya kuamua nyumba ipi ni ya Mungu.

La pili, tuitumie katiba tuliyoipigania. Kifungu cha 42 chatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 43 chataja afya, makao, usafi na maji safi. Kifungu cha 70 chamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Na chini ya sheria ya mwaka wa 2016 ya kupata habari, afisa wa umma aliyeombwa habari kwa maandishi hupaswa kujibu katika muda wa siku 21. Ombeni orodha ya viwanja vilivyogawiwa ukingoni. Ombeni matokeo ya kupimwa kwa maji yenu. Wekeni nakala ya kila barua, kwani serikali husahau upesi kile ambacho mwananchi hakukiandika.

La tatu, kila kanisa liwe na daftari la afya. Mtoto akiharisha, iandikwe ni siku gani, ni nyumba ya upande gani, na alikunywa maji ya wapi. Msingoje mazishi. Nyumba tano za mfereji mmoja zikiandikwa katika juma moja, hiyo ni habari ambayo hakuna mkubwa anayeweza kuiita uvumi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

La nne, atakapokuja mgombea wa chama chochote kuomba kura, msimpe jukwaa la kanisa. Mpelekeni mtoni. Asimame pale maji meusi yanapopita, awaambie atafanya nini, kwa fedha zipi na kwa muda gani, nanyi muandike. Akitaja mradi mpya, mumkumbushe kwamba mto huu umezinduliwa mara nyingi. Waziri John Michuki aliusafisha kwa bidii kuanzia mwaka wa 2008, na alipoondoka uchafu ukarudi, kwa sababu kazi ilikuwa ya mtu na haikuwa ya utaratibu. Kuzoa taka kutoka mtoni bila kuziba bomba linalozileta ni kufagia wakati upepo unavuma.

Tunamalizia kwa jambo moja. Wale waliosimama mwaka wa 1990 hawakudai vyama vingi ili karatasi ya kura iwe ndefu. Walidai kwamba mwananchi awe na uwezo wa kumuuliza mtawala maswali na kupata jibu. Swali lililo mbele yetu ni dogo, tena aliyetufundisha kuliuliza ni mjane aliyekuwa amepoteza mabati yake yote. Ardhi hii ni ya nani, na maji haya ni ya nani? Tukiweza kulijibu bila kuona haya, kwanza sisi kisha wao, watoto wetu watapona.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutakutana kwenye daraja la miguu tukiwa na majembe, magunia na kamba ya kupimia. Tutaanzia kwenye viwanja vya makanisa.